Pesa ya Kariakoo: nyepesi sokoni, nzito mpakani

Kwenye fremu za Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ni nadra kukosa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo au kwenye nguzo ya rafu: tarakimu kubwa za Lipa Namba, jina la biashara chini yake, na pembeni mraba wa vidoti vyeusi wa kulipia kwa kamera ya simu. Mteja akishapatana bei hupiga *150*00# au *150*60#, huandika ile namba na kiasi, kisha husoma kwa sauti jina linalotokea ili muuzaji aitikie kwamba ndilo. Anaingiza namba ya siri. Muuzaji naye hamruhusu mpagazi kubeba mzigo mpaka simu yake ilie, ausome ujumbe mwenyewe tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu ujumbe wa malipo wa kughushi ni utapeli unaojulikana sana sokoni.

Katika mauziano hayo hakuna aliyeulizwa akaunti ya benki. Mnunuzi anaweza kuwa mama wa Tandika anayefungasha nguo za watoto za kuuza mtaani kwake, au mfanyabiashara aliyeshuka jana kwenye basi la Tunduma akiwa na pasipoti ya Zambia. Mradi laini imesajiliwa na salio lipo, biashara imekwisha.

Jioni, muuzaji yuleyule anageuka kuwa mnunuzi. Alipoagiza mzigo Guangzhou alitanguliza asilimia 30 ya bei, kama ilivyo desturi ya viwanda vingi vya China, na sasa mzigo uko tayari. Kiwanda hakitapakia mpaka asilimia 70 iliyobaki ifike. Simu iliyopokea malipo ya siku nzima haimfikishi huko kwa wepesi uleule. Anaanza kuulizia: benki wana dola? Yuko mtu wa yuan? Leo anachukua kwa bei gani?

Tanzania imefanya kazi ya kupigiwa mfano ya kumwezesha asiye na akaunti kulipa na kulipwa ndani ya nchi. Kazi iliyobaki iko mpakani. Kadiri inavyochelewa, pesa halali ya watu wanaofanya kazi halali inazidi kupita kwenye mikono isiyotoa risiti, na pakitokea hasara hakuna wa kumshitaki.

Simu ilivyoziba pengo la benki

Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya Watanzania wazima walikuwa wanatumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2009 walikuwa asilimia 16 tu. Ukitazama ndani ya takwimu hiyo ya 2023, waliotumia benki ni asilimia 22. Sehemu kubwa ya waliobaki waliingia kwa mlango wa simu.

Mlango huo ulifunguliwa Aprili 2008, Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Zantel ilikuwa na Z-Pesa, Tigo Pesa ikaja mwaka 2010, Airtel Money ikafuata, na Halotel ilipoingia ikaja na HaloPesa. Miaka ya mwanzo kila kampuni ilijizungushia ukuta wake. Mtu wa Airtel hakuweza kumtumia wa Tigo pesa ikaingia moja kwa moja, ndiyo maana wafanyabiashara wa Kariakoo walitembea na simu tatu au simu ya laini nne.

Ukuta huo ulianza kubomoka mwaka 2014, Tigo, Airtel na Zantel walipokubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja. Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ikajenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo unaounganisha simu na benki, na juu yake ikaja TANQR, alama moja ya kulipia kutoka mtandao wowote. Majina ya kibiashara hubadilika, kwani Tigo yenyewe tangu Novemba 2024 inaitwa Yas na Tigo Pesa imekuwa Mixx by Yas. Njia ya pesa imebaki palepale.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, kila shilingi iliyoko kwenye simu lazima iwe na shilingi mwenzake iliyowekwa kwenye akaunti ya amana ndani ya benki. Mama wa Tandika ambaye hajawahi kujaza fomu ya benki anazo fedha benki, kwa jina la mfuko wa amana wa kampuni ya simu. Faida ya fedha hizo hurudi kwa wateja kama gawio, jambo ambalo Tigo Pesa ilianza kulifanya mwaka 2014.

Mhimili wa mfumo wote huu ni wakala. Kariakoo anakaa chini ya mwamvuli kwenye kona ya Msimbazi, kwenye kibanda cha mbao Gerezani, au ndani ya duka la vipuri akiwa na kimeza chake pembeni. Mtaji wake una pande mbili: noti za kuwapa wanaotoa, na floti ya kuwapa wanaoweka. Asubuhi wauzaji wa jumla humletea noti wakitaka floti, na mchana abiria wa mikoani humjia wakitaka noti. Upande mmoja ukiisha hukimbia kwa wakala mkuu kubadilishana, na asipofanya haraka mteja anahamia mwamvuli wa pili. Lugha ya mtaani nayo imefuata kazi yake. Ndugu akiomba elfu ishirini husisitiza itumwe “na ya kutolea”, maana makato ya kutoa ni sehemu ya msaada. Matapeli nao wana sentensi yao, ile ya kukutaka pesa uitume kwenye namba nyingine na kukutuliza kwamba jina litakuja la mtu fulani.

Mgeni mwenye dola mfukoni

Wateja wa Kariakoo hawaishii Mbagala na Kimara. Njia ya Tunduma huleta Wazambia na Wakongo wa Lubumbashi. Kasumulu huleta Wamalawi. Wakomoro huja kufuata nguo na vyombo, na kutoka mashariki ya Kongo wafanyabiashara huingia kupitia Kigoma, Burundi au Rwanda. Mitaa ya Aggrey, Sikukuu na Narung'ombe inawajua. Wapo wanaopeleka bidhaa kwao tangu ujana, na muuzaji wa vitenge Kariakoo anawapigia simu rangi mpya zikishuka.

Mgeni wa namna hii hukaa siku chache. Benki kwa kawaida humtaka mgeni awe na kibali cha ukaazi, anwani, namba ya mlipakodi na barua ya utambulisho. Aliyekuja kufungasha mizigo na kuondoka hana hata kimoja. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini raia wake aliyefika Dar es Salaam kununua vitenge bado ni mtu asiye na akaunti katika nchi ya jumuiya yake.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa dola za mkononi. Wakongo huzitumia kwao katika manunuzi ya kawaida, hivyo hawakuona ajabu kuzihesabu juu ya kaunta ya Kariakoo, na wauzaji wa jumla walizipokea kwa furaha kwa kuwa nao walizihitaji China. Tarehe 28 Machi 2025 kanuni mpya za matumizi ya fedha za kigeni zilitangazwa, zikapiga marufuku kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Tangu hapo dola ya mgeni inapaswa kupita kwanza kwenye benki au duka la kubadilishia fedha.

Maduka hayo nayo yana historia yenye makovu. Novemba 2018 Arusha, na mwanzoni mwa 2019 Dar es Salaam, yalivamiwa katika operesheni iliyoshirikisha askari wa jeshi. Mengi yalifungwa, na kanuni za mwaka 2019 zikataka anayetaka leseni awe na mtaji wa shilingi bilioni 1. Mgeni akabaki na foleni ya benki, au na kijana anayenong'ona pembeni mwa barabara. Kanuni za mwaka 2023 zililegeza masharti na maduka yakaanza kurudi. Ni habari njema kwa mgeni, kwa kuwa duka lenye leseni humhudumia kwa pasipoti bila akaunti na kumpa stakabadhi. Stakabadhi hiyo humsaidia akiulizwa njiani shilingi alizonazo alizipataje.

Baada ya hapo inabaki laini ya simu. Mgeni husajili kwa pasipoti na alama za vidole, wakala humwekea pesa, naye hulipa kwa Lipa Namba kama mwenyeji. Kwa mtu anayenunua kutoka fremu kumi tofauti kwa siku moja, hiyo ni salama kuliko kutembea na noti kiunoni katika msongamano wa Mtaa wa Kongo. Kinachomkera ni kuianza kazi hiyo upya kila anapokuja. Pochi aliyonayo kwao Lubumbashi, yenye pesa na jina lake kamili, haifanyi kazi kwenye kaunta ya Kariakoo.

Mji wa Goma, mashariki ya Kongo, umeonyesha jinsi hata mwenye akaunti anavyoweza kujikuta hana. Waasi wa M23 walipoutwaa mwishoni mwa Januari 2025, benki za mjini humo zilifunga. Bukavu ilifuata mwezi uliofuata. Fedha za wateja zilikuwepo kwenye vitabu, lakini tawi la kuzitoa halikuwepo. Biashara ndogo ziliegemea simu na noti chache zilizobaki mikononi mwa watu. Mfanyabiashara wa huko aliyekuwa akiagiza mzigo Dar es Salaam kwa kupitia benki yake akalazimika kutafuta njia ileile ya jirani yake ambaye hakuwahi kuwa na akaunti.

Njia ya China

Upande wa pili wa kaunta, ugumu unahusu dola na yuan. Mwagizaji mwenye kampuni, ankara na akaunti hutuma kwa TT, yaani uhamisho wa fedha kutoka benki hadi benki. Njia hiyo ina risiti, ina kumbukumbu kwa Mamlaka ya Mapato, na kwa mzigo wa kontena zima gharama yake huvumilika. Lakini mwaka 2023 na 2024 wafanyabiashara walionja tatizo jingine: benki zilikuwa na njia, ila hazikuwa na dola za kutosha. Waliokuwa na shilingi kamili walisubiri zamu. Shilingi iliyokuwa imetulia kwa miaka karibu na 2,300 kwa dola moja ilishuka na kupita 2,600 mwaka 2024.

Mwagizaji mdogo ana shida ya ziada. Hanunui kiwandani. Anachukua mikoba kwenye kibanda kimoja cha soko la Yiwu, mikanda kwenye kingine na vibanio vya nywele kwenye cha tatu, kisha mawakala wa mizigo huvikusanya vyote kwenye kontena la kuchangia na kumtoza kwa ujazo. Kila kibanda kinataka yuan, mara nyingi kiasi kidogo, kwenye akaunti binafsi ya mwenye kibanda. Kutuma TT kwa kila mmoja ni gharama isiyolipa, na ankara ya maana hakuna. Tovuti ya 1688, ambako bei ni nafuu kwa kuwa imejengwa kwa ajili ya Wachina wenyewe, inamtaka alipe kwa njia za malipo za kwao.

Ndipo walipotokea waagizaji wa mitandaoni, vijana wa Kariakoo wanaojitangaza Instagram kwamba watakununulia China. Unawatumia picha ya bidhaa na shilingi kwa simu, na wao wanalipa kwa yuan. Wengi ni waaminifu na wameishi kwa jina lao. Ndipo pia alipo mtu wa yuan, ambaye Kariakoo hutajwa kwa sauti ya chini.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Mtanzania anayeishi Guangzhou anajenga nyumba Kibaha: ana yuan kule na anahitaji shilingi huku. Mwuza mikoba wa Kariakoo ana shilingi huku na anahitaji yuan kule. Mtu wa kati huchukua shilingi za mwuza mikoba na kumlipa fundi wa Kibaha, na mshirika wake Guangzhou huchukua yuan za mwenye nyumba na kulipa kibanda cha Yiwu. Hakuna hata senti iliyovuka bahari, na madeni yote mawili yamelipwa. Picha ya skrini inayoonyesha malipo yaliyofanywa kwa Alipay au WeChat hutumwa kwa WhatsApp, na ndiyo risiti pekee.

Sheria haimruhusu mtu kuendesha huduma ya kuhamisha fedha bila leseni, na wanaomtumia wanalijua hilo. Hatari yake ina sura tatu. Kwanza, mtu wa kati akizima simu, mteja hana pa kwenda, maana kulalamika polisi ni kujieleza na yeye. Pili, mzigo ukifika bandarini hana hati ya benki ya kuonyesha alilipa kiasi gani, na ubishi wa thamani ya bidhaa na Mamlaka ya Mapato huwa mrefu. Tatu ni ile inayowashtua wengi. Mteja hajui yuan zilizolipa mzigo wake zimetoka kwa nani. Polisi wa China wamekuwa wakizuia akaunti zilizopokea fedha zenye uhusiano na utapeli au mabenki ya vichochoroni, na wafanyabiashara wa Yiwu wamekumbwa sana na zuio hilo. Muuzaji aliyezuiliwa akaunti humrudia mteja wake wa Kariakoo akitaka alipwe tena.

Ni kosa kuwatazama wote wanaopita njia hii kama wahalifu. Ipo pesa chafu inayopenda giza hilo, na iko pesa safi iliyosukumwa humo kwa kukosa mlango unaolingana na ukubwa wake. Serikali inayotaka kuikamata ya kwanza ina sababu ya kuiondoa ya pili.

Mazoea ya karne mbili

Kulipa ng'ambo kwa neno na karatasi ni kazi ya kale katika pwani hii. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar waliandikiana hundi, hati iliyomwezesha mtu kulipa Unguja na mwenziwe apokee Bombay. Tharia Topan, tajiri aliyewahi kushika forodha ya Zanzibar, aliwakopesha wenye misafara mali ya kwenda nayo bara, Tippu Tip akiwa miongoni mwao, na hesabu zilifungwa pembe zilipofika pwani. Hundi ilishinda jahazi lenye sanduku la riale kwa usalama na kwa kasi.

Benki za kisasa hazikuua desturi hiyo. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Fedha za kigeni zikawa kitu cha kuombewa kibali. Miaka ya mwanzo ya 1980 zilipokauka kabisa, maduka yalikuwa matupu na vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 ilikamata watu bila kujaza rafu. Bajeti ya mwaka 1984, Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, ilichukua njia nyingine. Yeyote mwenye fedha zake za kigeni nje aliruhusiwa kuagiza bidhaa zilizoorodheshwa bila kuulizwa fedha hizo alizipataje.

Matokeo yalionekana haraka. Vitenge, redio, sabuni na vipuri vilirudi madukani, na Kariakoo ya leo ya bidhaa za nje ilipata mizizi yake wakati huo. Ruhusa hiyo ilikuwa pia kukiri kwamba fedha zilikuwepo siku zote, nje ya benki, mikononi mwa watu walioaminiana. Mwaka 1992 Sheria ya Fedha za Kigeni ikaruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na kile kilichofanywa kwa kificho kikapata mlango wa mbele, ubao wa bei na stakabadhi.

Somo la 1984 na 1992 lina uzito leo kwa sababu ni la nyumbani. Mlango halali ulipofunguliwa kwa masharti ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyatimiza, watu waliupita.

Bei ya mlango rasmi

Milango rasmi ya kutuma nje bila akaunti ipo, na baadhi yake iliwekwa na Tanzania mapema kuliko nchi nyingi. Februari 2014 Tigo iliwawezesha wateja wake wa Tanzania na Rwanda kutumiana pesa kwa simu, ikibadilishwa yenyewe kutoka shilingi kwenda faranga na kurudi. Mwaka 2015 M-Pesa ya Vodacom na ya Safaricom ziliunganishwa, mtu wa Namanga akaweza kumtumia mwenziwe wa ng'ambo ya pili ya barabara bila kuvuka. Western Union na MoneyGram hupatikana kupitia mawakala na benki, kwa kitambulisho na fedha taslimu. Kadi za mtandaoni za Visa na Mastercard zinazounganishwa na pochi ya simu hulipia tiketi, matangazo na baadhi ya maduka ya nje.

Msafiri naye amepata nafuu. Tangu 2023 Alipay na WeChat zinamruhusu mgeni aliyeko China kuunganisha kadi yake ya nje na kulipa kwenye kibanda kama mwenyeji. Machi 2024 kikomo cha malipo kwa kadi hizo kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000 kwa muamala mmoja, na kutoka dola 10,000 hadi dola 50,000 kwa mwaka. Kwa mwuza mikoba anayekwenda mwenyewe Guangzhou, hiyo ni risiti halali yenye jina lake.

Shida inayobaki kubwa ni bei. Katika ripoti za Benki ya Dunia za gharama za kutuma fedha, korido za kutoka Tanzania kwenda Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitajwa mara kwa mara miongoni mwa ghali kuliko zote duniani. Sababu yake ni ya kihesabu. Benki hutoza ada isiyobadilika iliyokusudiwa miamala mikubwa, pesa hupita benki ya kati ya mbali hata kama mpokeaji yuko nchi ya jirani, na shilingi hugeuzwa dola kabla ya kugeuzwa tena fedha ya jirani. Kila kituo kina chake.

Makato mengine hayaandikwi popote. Tuseme soko linauza dola kwa shilingi 2,600 na kampuni inakuhesabia 2,700 huku ikitangaza kwamba kutuma ni bure. Kwa mzigo wa dola 5,000 umeshalipa shilingi 500,000, na risiti inaonyesha makato sifuri. Mtu wa yuan wa Kariakoo humpita mshindani wake wa leseni hapa kwa uwazi: anataja bei moja, kila kitu ndani, na mteja anajua kule zitafika ngapi.

Upande wa pesa inayoingia, ushindani umeshafanya kazi. Nala, kampuni iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza na pochi za simu za hapa nyumbani kabla ya kugeukia kuwahudumia walioko Uingereza, Ulaya na Marekani wanaotuma Afrika. Mtu wa London humtumia mama yake Mwanza pesa ikaingia kwenye simu papo hapo, na anaona kabla ya kubonyeza ni shilingi ngapi zitafika. Mama akitaka kurudisha kiasi hichohicho London, hana njia ya wepesi huo.

Hofu ya dola kukimbia na pesa chafu kupenya ndiyo iliyofanya mlango wa kutoka uwe mwembamba. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha. Iliondolewa Juni 2025 baada ya kutekeleza mpango wake wa marekebisho. Hofu ilikuwa na msingi. Sasa mafanikio hayo yanampa mdhibiti nafasi ya kufungua kwa mizani.

Tozo ya miamala ilishaonyesha kinachotokea mlango rasmi ukipandishwa bei. Ilipoanza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, watu wengi walirudi kwenye noti na kutumiana kwa makondakta wa mabasi. Mawakala wa Kariakoo waliona meza zao zikipoa. Malalamiko yakawa makubwa, tozo ikapunguzwa zaidi ya mara moja, na sehemu yake kubwa baadaye ikaondolewa.

Yanayowezekana

Nchi nyingine imeshajaribu njia ya katikati. Umoja wa Falme za Kiarabu, wenye wafanyakazi wahamiaji wengi na biashara kubwa na pwani hii, uliamua kuwasajili wenye hawala, yaani wanaofanya kazi kama ya mtu wa yuan, kwenye Benki Kuu yake, watunze kumbukumbu za wateja na watoe taarifa za miamala yenye shaka. Kariakoo ina watu wenye ujuzi huo na wateja wanaowaamini. Leseni ndogo, yenye mtaji unaofikika na kikomo cha kila muamala, ingewatoa baadhi yao gizani na kumpa Mamlaka ya Mapato karatasi ambayo leo haipo. Kwa kuwa agizo la Julai 2025 limeuweka uwakala wa miamala ya simu miongoni mwa biashara 15 zisizoruhusiwa kwa wasio raia, nafasi hiyo ingekuwa ya Watanzania.

Mgeni naye anaweza kurahisishiwa. Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina raia wenye pochi za simu zilizosajiliwa kwa majina yao. TIPS ikiunganishwa na mifumo ya majirani, Mrundi au Mkongo angelipa Lipa Namba ya Sikukuu kwa laini yake ya nyumbani, muuzaji akapokea shilingi na kutoa risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, kanuni ya Machi 2025 ikiwa imetimizwa bila noti ya dola kuonekana.

Kwa anayetuma wiki hii, swali lenye faida ni moja, liulizwe benki, kwa wakala na kwenye programu ya simu: nikitoa shilingi hizi leo, mpokeaji atapata ngapi mkononi? Jibu hilo linabeba ada na tofauti ya bei ya dola kwa pamoja, na kwa kawaida hugeuza ni nani aliye nafuu. Anayebeba taslimu zaidi ya dola 10,000 kuvuka mpaka azitamke forodhani, kwani kutotamka ni kosa hata kama fedha ni safi.

Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambayo Tanzania iliyaridhia mwaka 2015, yanataka hadi kufikia 2030 gharama ya wahamiaji kutuma fedha ishuke chini ya asilimia 3, na pasiwepo na korido yenye gharama zaidi ya asilimia 5. Kwa dola 200, asilimia 3 ni dola 6. Benki Kuu inaweza kuanza kwa kuwataka watoa huduma wote watangaze kila mwezi, kwa kila nchi wanayopeleka fedha, ada yao na bei yao ya dola kwa jumla moja. Wafanyabiashara wa Kariakoo wangeisoma orodha hiyo siku ileile ya kutoka, na wale wenye bei za kuumiza wangeona wateja wakihama.